Samaki wa Kina Kirefu Ndani ya Kisumu: Usiogope Shinikizo, Ogopa Joto

Swali: "Mwalimu, hujambo? Niko Milimani, Kisumu. Kwa miaka kadhaa nimefuga fulu, wale samaki wadogo wa ziwa letu la Victoria, katika tangi la lita 240, na wanazaana vizuri. Majuzi nimeona picha za samaki wa zambarau anayeitwa Cirrhilabrus wakanda, wa miamba ya kina kirefu kule Zanzibar, na tangu hapo sina raha. Muuzaji mmoja wa Pwani ananiambia anaweza kunipatia. Rafiki yangu naye anasema samaki wa kina kile akiwekwa kwenye tangi la nyumbani atapasuka kwa kukosa shinikizo la maji. Nani mkweli? Na je, niwatoe fulu, tangi hilo liwe la maji chumvi?"

Sijambo, dada yangu, na asante kwa kuuliza kabla ya kutuma pesa. Barua nyingi za namna hii hunifikia samaki akiwa tayari analala ubavu.

Rafiki yako amekosea, ila kosa lake linagusa jambo la maana, kwa hiyo tuanzie hapo. Mwili wa samaki, sehemu kubwa ni maji, na maji hayabanwi kirahisi. Nyama na damu ya samaki aliyekulia mita 70 chini haipati shida yoyote sebuleni kwako. Kinachopata shida ni hewa, na hewa yake iko mahali pamoja: ndani ya kibofu cha hewa kinachomwezesha kusimama majini bila kuzama wala kuelea juu. Baharini, kila mita 10 za kina huongeza shinikizo sawa na lile la hewa yote iliyo juu yetu tukiwa ufukweni. Mita 70 chini, basi, samaki anabanwa mara 8 ya anavyobanwa juu. Akipandishwa hadi mita 30, shinikizo limekuwa mara 4 na hewa ya kibofuni imejaa maradufu. Kutoka mita 30 hadi 10, inakuwa maradufu tena. Kutoka mita 10 hadi juu ya maji, maradufu mara ya tatu. Yaani zile mita 10 za mwisho humtanua sawasawa na zile 40 za mwanzo. Mzamiaji mwenye pupa humwua samaki akiwa karibu kabisa na mashua.

Samaki wa jamii ya Cirrhilabrus hawana mfereji wa kuitolea hewa hiyo kupitia kooni. Lazima ifyonzwe na damu, polepole, kwa saa nyingi na mara nyingine siku. Akipandishwa kwa haraka, kibofu kinasukuma utumbo nje, macho yanatokeza, na hata akipona anabaki akiogelea mkia juu. Kuna njia mbili za kumwokoa. Ya kwanza ni kumpandisha kwa vituo. Ya pili ni kumtoboa kwa sindano nyembamba ubavuni ili hewa ipungue, kazi inayofanywa vizuri na mikono michache na vibaya na mingi. Wataalamu wa California Academy of Sciences kule San Francisco walitengeneza chombo maalumu: samaki anafungiwa ndani yake akiwa chini, analetwa juu shinikizo likiwa lilelile, kisha wanalipunguza kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Baada ya hapo samaki wale wanaishi katika matangi ya kawaida yenye shinikizo la kawaida. Waikiki Aquarium ya Honolulu imewahi kuonyesha Centropyge boylei, samaki wa Visiwa vya Cook anayeishi kuanzia mita 50 na ushei hadi 120 chini, naye hakuhitaji shinikizo lolote la ziada. Kwa hiyo hatapasuka sebuleni. Kama ni kuumia kwa shinikizo, huwa ameumia zamani, na wewe unaletewa majeruhi.

Isipokuwa jambo moja linalotuhusu sisi watu wa bara, ambalo wauzaji wa Pwani hawalifikirii. Njia ya kutoka Mombasa hadi Kisumu haiendi tambarare. Gari linapanda Nairobi, linateremka Bonde la Ufa, linapita Nakuru, kisha linakwea tena Mau Summit, zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, ndipo literemke kuja ziwani. Kule juu shinikizo la hewa limepungua kwa karibu robo. Hewa iliyo ndani ya mfuko wa samaki inatanuka kwa karibu theluthi, na hewa iliyo ndani ya kibofu chake inatanuka vilevile. Samaki mzima atavumilia. Samaki aliyetolewa mita 70 wiki hiyohiyo, kibofu bado kimejaa kupita kiasi, anaongezewa mateso juu ya mateso. Mwambie muuzaji, na ushikilie hapo: samaki apumzike Pwani majuma mawili au zaidi, awe anakula na anaogelea sawa, ndipo asafirishwe. Na mfuko usijazwe oksijeni hadi ukakaza kama mpira, kwa sababu utakaza zaidi ukifika mlimani.

Mfuko ukifika nyumbani usimwage maji ya tangi ndani yake tone kwa tone kwa saa mbili, kama wengi wanavyofundishwa. Katika safari ndefu pumzi ya samaki inayafanya maji ya mfukoni kuwa na asidi, na asidi hiyo ndiyo inayoipunguza makali amonia, sumu inayotokana na taka za samaki, iliyojikusanya. Ukifungua mfuko, hewa chafu inatoka, asidi inapungua, na amonia inakuwa sumu kali ghafla, samaki akiwa bado ndani yake. Uliza mapema kiwango cha chumvi cha muuzaji, andaa tangi la karantini liwe na kiwango hichohicho, acha mfuko uelee juu ya maji yake ulingane joto kwa dakika kama ishirini ukiwa umefungwa, kisha fungua, mtoe samaki na umhamishe mara moja. Maji ya mfuko yamwage.

Sasa nije kwenye kile kitakachomwua samaki huyu Kisumu, kama atakufa. Ni joto, na hewa nyepesi, na stima kupotea. Hayo matatu yanashikana mikono.

Fulu wako hawajali maji ya digrii 27. Samaki wa miamba ya kina hajazoea hayo. Lenga digrii 23 hadi 24, usiku na mchana, bila kupanda na kushuka. Mchana wa Kisumu unagusa 29 au 30 kwa miezi mingi, na Januari hadi Machi unazidi, hasa kwenye nyumba ya mabati isiyo na dari nzuri. Pampu na taa zinaongeza joto lao juu ya hilo. Feni ya kupuliza juu ya maji itakupunguzia digrii moja au mbili, lakini inafanya hivyo kwa kuyavukiza maji, na chumvi haivukizwi, kwa hiyo kila siku utaongeza maji yasiyo na chumvi kufidia. Kwa samaki huyu feni haitoshi. Unahitaji chila, mashine ya kupozea maji, na mahali pa kuiweka ni muhimu kuliko watu wanavyodhani: inatoa joto kwenye maji na kulimwaga hewani. Ukiiweka kwenye kabati lililofungwa chini ya tangi, au kwenye sebule isiyo na dirisha wazi, itapasha moto chumba kilekile inachojaribu kukipinga, na itafanya kazi bila kupumzika. Pitisha mabomba ukutani, mashine ikae kibarazani penye kivuli. Funika mgongo na mbavu za tangi kwa foamu nene. Nakuru, kwenye mita 1,850 na ushei, hesabu hii hugeuka: usiku wa Julai pale mfugaji anawasha kipasha joto. Kama ningechagua mji wa bara wa kufugia samaki wa kina, ningechagua Nakuru, japo pale maji ya visima yana floridi nyingi na lazima yachujwe kwa mtambo wa utando (reverse osmosis) kabla ya kutiwa chumvi.

Kuhusu hewa. Samaki huyu amezoea usawa wa bahari, nasi tuko karibu mita 1,130 juu. Hewa yetu ina shinikizo pungufu kwa asilimia 12 hivi. Ufukweni, lita moja ya maji ya bahari yenye digrii 24 hubeba oksijeni isiyozidi miligramu 6.9 hivi. Kisumu, maji hayohayo kwenye joto hilohilo hubeba kama 6. Yaache yafike digrii 29 na umebaki na 5.5 hivi, na hiyo ni kabla samaki, bakteria na uchafu hawajachukua sehemu yao. Ndiyo maana nasisitiza chila: ukipoza maji, unamrudishia samaki sehemu ya pumzi ambayo mlima umemnyang'anya. Mengine ni kuvuruga uso wa maji kwa pampu usiku kucha, kutumia skima kubwa kuliko inavyoandikwa kwenye boksi (skima huondoa uchafu na huingiza hewa kwa wakati mmoja), na kuweka samaki wachache. Ukisoma kwamba tangi fulani linabeba samaki kumi, sisi huku tuseme saba.

Stima ikipotea mchana, pampu zinasimama, hewa haiingii, na joto linaanza kupanda. Ukitaka kufuga maji chumvi Kisumu, inveta na betri ni sehemu ya tangi kama kioo kilivyo. Pampu ya kuzungusha maji ndiyo ya kwanza kupata umeme wa betri, kisha skima. Taa zizimike, hakuna atakayeumia. Chila ni mlaji mkubwa na betri ndogo haitaimudu, kwa hiyo weka chupa za maji yaliyogandishwa kwenye friza, uziache zielee tangini zikiwa zimefungwa, moja baada ya nyingine, ukiangalia kipimajoto. Kuna pampu ndogo za hewa zinazojiwasha zenyewe stima ikikatika. Nunua mbili.

Maji yenyewe hayana siri. Maji ya bomba yana klorini, yapitishe kwenye mtambo wa utando, changanya chumvi ya matangi hadi gramu 35 kwa lita, pima kwa refraktomita, kifaa cha kupimia chumvi. Chumvi ya jikoni haifai, hata iwe nyeupe namna gani, kwa kuwa bahari ina magnesiamu, kalsiamu, potasiamu na mengine ambayo jikoni hayamo. Acha tangi liive, yaani bakteria wanaovunja taka wajijenge ndani yake, majuma sita hadi nane, amonia na nitriti zisomeke sifuri, kabla ya samaki yeyote. Na maji chumvi unayoyatoa usiyamwage kwenye sukuma wiki.

Taa iwe hafifu, ya buluu, na siku za kwanza iwe giza kabisa, kwa sababu macho yake yamezoea machweo ya kudumu. Tangi liwe na kifuniko cha wavu bila tundu hata kwenye kona inayopita bomba: samaki wa jamii hii huruka wakishtuka, na asubuhi unamwokota sakafuni. Usiku hulala kati ya mawe ndani ya ganda la utelezi analojitengenezea, usidhani anaumwa. Chakula chake ni vijidudu vinavyoelea majini, kwa hiyo kidogo kidogo, mara tatu au nne kwa siku. Joto la Kisumu lina faida moja hapa: mayai ya artemia, vijidudu vya maji chumvi vya kulishia samaki, yakitiwa kwenye chupa ya maji chumvi yenye hewa huanguliwa ndani ya siku moja hivi. Hata hapa nchini artemia wamewahi kupandikizwa kwenye mabwawa ya chumvi ya upande wa Malindi. Omena (dagaa) usimpe, ni mkubwa kwa mdomo wake na atachafua maji tu.

Nimefika kwenye sehemu inayonigusa zaidi, nayo ni samaki mwenyewe na mtu anayemfuata kule chini.

Cirrhilabrus wakanda alielezwa kisayansi mwaka 2019, kutokana na samaki wachache waliokusanywa mashariki ya Zanzibar, kwenye miamba iliyo kati ya mita 60 na 80 hivi. Jina lake ni la nchi ya kubuni ya Kiafrika iliyojificha isionekane, na zambarau yake ni nzito kiasi cha kwamba haikufutika hata alipohifadhiwa maabara. Fikiria: ukanda wetu wa bahari umevuliwa kwa karne nyingi, na samaki mwenye rangi ile alikuwa bado hajaandikwa popote. Naelewa kabisa kwa nini huna raha.

Lakini mzamiaji wa burudani mwenye mtungi wa hewa ya kawaida mwisho wake ni mita 40. Wanasayansi wanaofanya kazi kwenye miamba ya kina hiki hutumia vifaa vinavyosafisha na kuirudisha pumzi ileile, na gesi iliyochanganywa na heli, na wakimaliza dakika chache za kazi chini hupanda kwa saa kadhaa, kituo baada ya kituo. Asiyefanya hivyo, naitrojeni iliyoyeyuka mwilini mwake hutoka kama mapovu ndani ya damu na uti wa mgongo. Wapo wazamiaji duniani waliopooza hivyo wakifuata kambakoche wa bei ya juu. Kwa hiyo muulize muuzaji wako: nani aliyezama, kwa vifaa gani, mita ngapi, na samaki alipandishwaje? Kama jibu ni kijana mwenye mtungi mmoja na ujasiri, usinunue. Hakuna rangi inayostahili miguu ya mtoto wa mtu. Kama bei ni ndogo, ama kijana huyo ndiye aliyelipa tofauti, ama samaki siye. Majike na wachanga wa jamii hii hufanana mno, na wapo ndugu zake kama Cirrhilabrus rubrisquamis wa Chagos ambao mtu asiyezoea atawauza kwa jina lolote linalotafutwa.

Akijibu vizuri yote hayo, omba video, si picha. Video inaonyesha samaki akisimama majini bila kupigapiga mapezi, tumbo si la mviringo, macho sawa, hana kidonda cheupe ubavuni palipotobolewa, na anakula mbele ya kamera. Na akitoka ng'ambo ya mpaka, ikiwemo Zanzibar, samaki hai anahitaji kibali cha kuingizwa nchini na cheti cha afya. Karatasi hizo zioneshwe kabla ya malipo. Akifika kwako, majuma sita ya karantini katika tangi dogo la pembeni lenye chila yake au lililounganishwa na joto lilelile. Yule atakayekuambia karantini si lazima kwa samaki wa bei ghali anakudanganya kwa pesa zako.

Maoni yangu, kwa kuwa umeniuliza kama mwalimu: usimnunue mwaka huu. Anza na jamaa yake wa karibu, Cirrhilabrus exquisitus, ambaye yuko kwenye miamba yetu ya Afrika Mashariki kwa kina cha kawaida, ndani ya mita 30 hivi, na ambaye mzamiaji humfikia na kurudi nyumbani salama. Dume mmoja na majike wawili. Wote huzaliwa majike, na dume akifa jike mkubwa hugeuka kuchukua nafasi yake, rangi na tabia zote. Ukikaa sebuleni ukaona mageuzi hayo, hutamwita samaki wa kawaida. Waongezee Centropyge acanthops mmoja, yule mdogo mwenye mgongo wa rangi ya chungwa na mwili wa buluu, naye ni wa pwani hii hii. Wafuge kwa joto lilelile la 23 na 24, kwa chila ileile, kwa taa ileile hafifu, kana kwamba ni wa mita 70. Ukipitisha mwaka mzima, Februari yake, mvua zake na stima zake, bila kumpoteza hata mmoja, tangi lako litakuwa tayari kwa samaki wa kina, na nitakusaidia kumtafuta aliyekusanywa kwa njia ya haki.

Na fulu, la, dada yangu. Usiwatoe. Unatafuta samaki adimu mita 70 chini ya bahari ilhali unao sebuleni. Mbuta, yaani sangara mla samaki wenzake, alipoletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, na alipofurika miaka ya 1980, fulu walianguka kwa namna ambayo ziwa hilo halijapona. Mamia ya aina walipungua na nyingi hazijaonekana tena. Waliobaki wako mafungu mafungu, wengine katika vijiziwa kama Kanyaboli kule Siaya, ambako hata ngege wa asili, aina ya tilapia, amejificha. Kama unajua mahali wazazi wa fulu wako walikovuliwa, andika jina la mahali hapo kwenye daftari na kwenye kioo cha tangi, usiwachanganye na fulu wa kwingine, na ukigawa watoto wao mgawie mtu pamoja na jina hilo. Fulu asiyejulikana kwao hana kazi tena katika kuokoa aina yake.

Tangi la maji chumvi liwe jipya, lita 300 au zaidi, urefu sentimita 120, na mafundi wa vioo wa Kibuye wanaweza kukukatia na kukugandishia kwa silikoni isiyo na dawa ya kuua kuvu. Hilo nalo lisiwe la wiki hii. Wiki hii nunua kipimajoto kimoja, kiweke ndani ya ndoo ya maji mahali unapofikiria kuweka tangi, na uandike joto saa nane mchana na saa kumi na moja alfajiri kwa majuma mawili mfululizo. Nitumie namba hizo pamoja na maelezo ya dari na madirisha, nami nitakuambia chila ya ukubwa gani inafaa nyumba yako.